Kitabu cha Waliojizuia

Kacha. Kacha. Kacha. Mkasi ulikuwa kazini jikoni kabla hakujapambazuka. Umeme ulikuwa umekatika, na karani wa baa, simu yenye tochi ameibana kati ya shavu na bega, alikuwa akimkata mama mkwe wake kichwa.

Picha yenyewe ilikuwa ya harusi yake. Alimtoa mama mkwe taratibu, akakizunguka kilemba asije akakiharibu, akampaka gundi na kumbandika kwenye kitabu kikubwa chekundu. Chini yake akaandika: Mchezaji sugu. Ameomba mwenyewe azuiwe. Mama mkwe hajaona mashine ya kamari tangu azaliwe.

Sheria ndiyo iliyotaka. Kila baa yenye mashine za kamari iwe na kitabu cha watu walioomba wenyewe wasiruhusiwe kucheza tena, kila mmoja na picha na saini yake. Kitabu cha baa yao kilikuwa na umri wa miaka minne, na ndani yake kiliandikwa kitu kimoja tu: namba ya fundi friji.

"Kitabu kitupu kinanuka," Bosi alikuwa amemwambia jana yake. "Mkaguzi akikiona, leseni imekwenda. Na leseni ikienda, mama, mimi na wewe tunakwenda nayo."

"Lakini Bosi, hakuna aliyewahi kuomba."

"Sasa yale masomo ya jioni ulikuwa unasomea nini? Watafute walioomba."

Basi akawatafuta. Angefanyaje? Mshahara wake ndio pekee uliokuwa ukiingia nyumbani mwao kila mwezi bila kukosa. Kazi za mumewe, fundi rangi, zilikuja na kupotea kama hodi za watoto. Akamwandika shemeji yake. Akamwandika jirani muuza mikate. Akamwandika marehemu mjomba, ambaye kusema kweli hakuna aliyejizuia kumshinda.

Mumewe alipoamka na kuelezwa, hakuhitaji kubembelezwa. Alitia saini maelezo yakiwa nusu.

"Mwepesi leo," mkewe akamtania. "Fomu ya shule ya mtoto ulinizungusha nayo wiki mbili."

"Jina likishaandikwa hapa, linapelekwa kwenye kumbi zote za kamari?"

"Linatakiwa lipelekwe. Nani wa kulipeleka?"

Fundi rangi akaiweka kalamu chini polepole. Kabla ya kwenda kazini mkewe akamkaririsha sentensi tatu, endapo ataulizwa: nilicheza, nikaona haifai, ukumbi ukanisaidia. Akazirudia zote tatu kama mtoto anayesomeshwa.

Mkaguzi alifika saa saba mchana, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Akakagua tangazo la umri. Akakagua saa ya ukutani, maana sheria haitaki mcheza kamari apotewe na wakati. Akaukagua mtungi wa kuzimia moto, ambao Bosi alikuwa ameuazima saluni asubuhi hiyo na ulikuwa bado na nywele za watu. Kisha akaomba kitabu.

Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole.

"Bibi huyu ana miaka sabini na minane. Alikuwa akicheza nini?"

"Kila kitu," Bosi akasema kwa huzuni.

"Nataka nimsikie mmoja wao kwa kinywa chake." Kidole kikashuka, kikatua kwa marehemu mjomba.

"Huyo alihama," Bosi akawahi.

"Kahamia wapi?"

"Mbali."

Kidole kikasogea kwa fundi rangi. Karani akapumua.

"Huyo ni mume wa karani wangu," Bosi akasema, kifua mbele. "Hapa kwetu hatuoneani haya, mheshimiwa. Hata wa nyumbani tunamzuia."

Saa kumi walikuwa nyumbani kwa karani. Walimkuta fundi rangi na binti yao wa miaka sita ndio kwanza wanafungua mlango, binti bado na sare ya shule, ingawa shule ilikuwa imetoka tangu saa nane. Binti akaenda mezani na daftari lake. Mkaguzi akapewa kiti kisichoyumba.

Fundi rangi hakuitaja hata moja ya zile sentensi tatu.

"Mwanzoni nilikwenda kupumzisha miguu tu," alisema. "Sasa niko juu ya ngazi napaka dari ya watu, naisikia mashine inalia. Nikishindwa naudhika. Nikishinda ndio naogopa, maana najua kesho nitarudi. Nimechoka, mheshimiwa. Jina langu lipeleke kila mahali."

Karani aliuma mdomo asicheke. Bosi alitoa leso akafuta macho makavu. Mkaguzi alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Miaka kumi na moja niko kwenye kazi hii," akasema, "sijaona kitabu kilichotunzwa namna hii."

Akaandika: Mfano wa kuigwa. Leseni imepita. Bosi alimsindikiza hadi kwenye gari akiwa amemshika mkono kama bwana harusi.

Gari lilipoondoka, karani alijitupa kitini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe mwanamume wewe. Uongo mtamu hivyo ulikuwa umeuficha wapi? Hata mimi nilikaribia kulia."

Fundi rangi alikuwa akibandua rangi iliyokaukia kwenye kucha. Hakucheka.

Binti, bila kuinua kichwa kwenye daftari, akasema, "Kila siku tukitoka shule baba anaingia kule kwenye mashine, mimi nakaa mlangoni nahesabu pikipiki."