Mechi ya Mzee Bucumi

Haikuwa zamu ya Mzee Bucumi kutoa maji botini, lakini tangu mkeka uchanike zamu zote zilikuwa zake. Aliinama na dumu lake lililokatwa, akachota, akamwaga, akachota tena. Wenzake walikaa juu ya nyavu wakinywa chai, wala hawakuona haya. Nasri peke yake chai ilimshinda.

"Mzee, acha, nitatoa mimi," alisema.

"Hapana, mwana wanje," mzee alijibu, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Mimi ndiye niliyewaharibia."

Jambo lenyewe lilianza wakati wa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa wa Ujiji hulala nchi kavu kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi. Mikono ikikosa kazi, simu hupata. Wakakubaliana kubeti mkeka mmoja kwa pamoja: kila mtu achague mechi yake, Nasri aziweke kwenye simu yake. Wakila, fedha ingetosha boti na injini, wasingemvulia tajiri tena maisha yao yote.

Mzee Bucumi, aliyevuka kutoka Burundi na ambaye hajawahi kutazama mpira ukaisha, aliuliza ni mkeka gani huo usiolaliwa.

"Mechi zote zikitiki, tunakula," Amosi alimweleza. "Ikigoma hata moja, mkeka umechanika. Hakuna anayepata kitu."

"Hata waliopatia?"

"Hata wao."

Mzee alitikisa kichwa, lakini hakutaka kujitenga na wenzake. Mechi kubwa zilikuwa zimeshachukuliwa. Ilibaki moja ya ligi ya mbali huko, ambayo hata majina ya timu Nasri aliyasoma kwa kubahatisha. Akamuuliza mzee: wenyeji au wageni?

"Niwekee wageni," alisema Bucumi. "Na wao Imana iwaone, Mungu ni wa wote."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamwekea wageni.

Mwisho wa wiki mechi zilitiki moja baada ya nyingine. Ya Amosi, ya Nasri, ya nahodha Erasto, zote. Watu wakaanza kuitana mabosi. Ikabaki ya mzee, ambayo hakuna redio wala kibanda cha mpira kilichohangaika nayo. Asubuhi Nasri alifika ufukweni macho mekundu, simu mkononi.

"Wageni wamepigwa," alisema. "Mkeka umechanika."

Hakuna aliyemuuliza mara mbili. Macho yote yalimgeukia Bucumi, na tangu siku ile jina lake likawa Mchanaji.

Nasri aliumia kweli, tusimwonee. Kila walipomwita mzee kwa jina hilo, yeye ndiye aliyetazama chini. Alimbebea nyavu, alimnunulia muhogo, na bado dhamiri ilimsuta. Msikitini alipoteza hesabu ya rakaa, akarudia sala, akapoteza tena.

Haikupita muda Erasto akamwita mzee kando, ingawa kila mtu alisikia.

"Mzee, vijana wamekataa kuingia na wewe ziwani. Wanasema una mkosi. Sasa mimi nifanyeje?"

Bucumi hakubisha. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake, na mahali pengine pa kumchukua mtu wa umri ule hakupajua. Alisuuza dumu, akalirudisha mahali pake, akachukua shati lake.

Nasri alimkimbilia njiani, akamtia nauli mkononi.

"Nenda Kagunga, Mzee. Kule boti ni nyingi."

"Kagunga?" Bucumi alisimama. "Kule ndiko tulikoshukia wakati wa kukimbia, nikiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Sipapendi. Kwani Ilagala hawavui?"

"Ilagala hakuna kitu," Nasri alisema haraka. "Nenda Kagunga."

"Ego, nimesikia. Una moyo wa mtu, mwana wanje. Imana ikulipe."

Maneno hayo yalimchoma Nasri kuliko tusi. Alibaki amesimama barabarani mpaka pikipiki ikampigia honi.

Siku chache baadaye naye aliaga kazi. Wenzake walimwelewa. Nahodha Erasto alisema kijana anajilaumu kwa kumwingiza mzee wa watu kwenye kamari, na kwamba asiye na aibu ndiye angebaki. Hata Amosi, aliyebuni lile jina la Mchanaji, aliona afadhali anyamaze.

Jumatatu Nasri aliteremka Ilagala, akakata njia ya mkato mpaka ufukweni, ambako fundi Nikodemu alikuwa akigonga misumari kwenye boti mpya. Mabaki ya mbao yalitapakaa mchangani. Kando ya boti, juu ya gogo, alikaa Mzee Bucumi.

Nasri alitazama nyuma alikotoka, kisha akasogea.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba! Usinikasirikie, Kagunga nimeshindwa kwenda." Mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyemwona ndugu ugenini. "Kumbe na wewe umekuja kuomba kazi? Keti hapa." Alisogea, akampangusia nafasi kwa kiganja. "Mwenye boti anafika leo, nasikia anatafuta watu. Nitatangulia kumsalimia mimi, kisha nitakusemea na wewe. Nitamwambia, huyu kijana ni mwaminifu."

Nyundo ilinyamaza. Fundi Nikodemu alitokea upande wa pili wa boti akijifuta mikono, akamtazama Nasri.

"Umechelewa, tajiri," alisema. "Jina la boti umeshapata?"