Kipande Kilichobaki

Nyundo ya kukazia ngoma ya tabla ni ndogo, lakini ikitua begani utasikia mfupa. Naseeban hakulia. Alishazoea, na hilo ndilo lililomuudhi mumewe zaidi.

"Kimebaki kimoja," alisema Tufail. "Baba yako alinipunja."

Hapa Lucknow, katika koo za wapiga tabla, mzee asiye na dhahabu humwoza binti yake kwa vipande vya ngoma, midundo ya siri ambayo ukoo hurithishana. Akishavitoa, yeye havipigi tena. Vimekuwa mali ya mkwe. Ndivyo alivyofanya marehemu Ustadh Inayat, baba yake Naseeban. Alitoa vyote ila kimoja, ambacho Tufail alimfuma siku moja akikinong'ona peke yake. Mzee alipomwona akanyamaza ghafla.

Naseeban alikijua. Alikulia nyuma ya pazia la chumba cha mazoezi, na masikio hayana pazia. Kwa sababu ya kipande hicho alishang'olewa jino, akachomwa kwa koleo la jikoni. Tufail alikuwa na mikono ya dhahabu na roho ya fisi, na mji mzima ulisifu mikono.

"Baba aliniapisha," alisema Naseeban. "Yeye mwenyewe hakukipiga mbele ya watu hata siku moja. Kiache, Baba Shabbo."

"Nikiache? Keshokutwa Ustadh Bunyad anaalika mafundi wote wa tabla, kama kila mwaka. Nikapige yale yale wanicheke? Sasa utaona."

Akamvuta binti yao Shabbo, akambana kiganja juu ya jiwe la kizingiti, akainua nyundo. Mtoto maskini alidhani ni mchezo, akacheka.

Naseeban alimtazama mumewe. Hofu ilimtoka, ikabaki chuki tupu.

"Mwache. Nitakupa. Ila usiseme kimetoka kwa baba yangu."

"Niseme ili iwe nini? Marehemu hali sifa," alijibu Tufail, akamwachia mtoto.

Naseeban akamfundisha kwa mdomo, mdundo kwa mdundo, na Tufail akaurudia juu ya ngozi mpaka vidole vikashika. Kilikuwa kizuri, Mungu anajua. Siku mbili hizo alisahau hata kupiga mtu.

Nyumbani kwa Ustadh Bunyad watu walikula biriani mchana, wakanawa, wakaketi uani. Zamu ya Tufail ilipofika akakianza. Kufika katikati, minong'ono yote ikakatika. Mzee Bunyad alikuwa analia waziwazi, machozi yakimtiririka kwenye ndevu. Tufail aliyaona, akazidisha kasi. Alipomaliza, hakuna aliyesema hata neno moja la sifa.

"Mwanangu," alisema Mzee Bunyad, "hiki amekupa nani?"

"Hajanipa mtu, Ustadh. Ni cha mkono wangu huu huu."

"Hukufundishwa na mtu yeyote? Hata mkweo?"

"Mkwe wangu?" Tufail alicheka. "Yule mzee angekijulia wapi? Ninacho tangu ujana wangu, nilikuwa nakificha tu."

Mzee akajifuta machozi.

"Kipande hiki alikitunga mdogo wangu. Alinipigia mimi peke yangu, hapa hapa uani, wiki ile ile aliyouawa. Tulimwokota kando ya mto, vidole vyote vimevunjwa, kimoja baada ya kingine. Kuna mtu alimtesa mpaka akakitoa."

Tufail akaanza kuinuka.

"Watu husema Bunyad ni mkarimu," aliendelea mzee. "Kila mwaka nawapikia mafundi biriani. Nilikuwa namngoja atakayekipiga."

Mwanawe mkubwa akaenda kushusha komeo la lango. Wengine wawili walishamshika Tufail mikono. Hapo ndipo alipoanza kupayuka kwamba ni baba mkwe, ni mke wake, waende wakamuulize mke wake. Ah, nani wa kumsikiliza? Walianza na kidole gumba.

Nyumbani, Naseeban, aliyejua tangu zamani baba yake alikipataje kipande kile, alikuwa ameshapakua chakula cha watu wawili. Shabbo akauliza kama hawamngojei baba.

"Kula, mwanangu," alisema mama yake. "Kisije kikapoa."