Glavu za Daktari Tumsifu

Tangu lipite gonjwa lile, ilikuwa marufuku mtu kumgusa mgonjwa. Daktari Tumsifu aliwapasua watu akiwa jikoni kwake, Same. Alivaa glavu za nyaya, nyepesi kama ngozi, na huko hospitali ya Kigoma mikono ya chuma ilifuata kila alichofanya.

Siku hiyo alimtoa bibi mmoja uvimbe tumboni, akashona, akashusha pumzi. Binti wa daktari, Aikande, akaja jikoni kujilaza mapajani pake. Tumsifu akawa anampapasa kichwa, taratibu, mpaka simu ikaita.

"Daktari, glavu bado umevaa," nesi alinong'ona kutoka Kigoma.

Akainua macho. Kwenye skrini, mikono ileile iliyokuwa imeshika kisu ilikuwa ikipapasa mvi za yule bibi, kwa upole wa mama mzazi. Bibi alikuwa ameamka, machozi yanamtiririka.

"Miaka sita naumwa, sijaguswa na mtu," alisema. "Nakuomba, mwanangu, usiache."

Mkono wa Tumsifu ukaendelea wenyewe.

Aikande akafumbua macho, akaiona skrini. "Mama, sasa hivi unanibembeleza mimi, au yeye?"

Vidole vikasita, huku Same na kule Kigoma.