Mfuko Uliofungwa Miezi Saba

"Umezizika, wala hukuzihifadhi!" jirani alifoka kutoka ng'ambo ya ukuta. "Kunde zinataka hewa, mama wee! Miezi saba ndani ya nailoni tatu, hata wewe ungekufa!"

"Nikifa mimi, utamsema nani?" Sanatu alimjibu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na mbegu zake zote zilikuwa ndani ya mfuko ule.

Alipiga magoti, akautegea sikio. Siku za mwanzo mfuko ulikuwa ukinong'ona, fukusi wakitafuna polepole kama mvua ya mbali. Sasa ulikuwa kimya, kama nyumba iliyoagwa na wageni.

Akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Harufu ya siku ya mavuno ikatoka, ikampapasa uso. Kwa kitambo akaliona vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa kiangazi, likielea uani, na yeye mwenyewe akicheka, kapu kichwani.

Akachota kiganja kimoja. Kunde nyeupe, laini, tundu moja moja tu la siku zile za mwanzo, na fukusi wachache wakavu, wamekufa kwa kukosa hewa.

Jirani alikuwa keshauruka ukuta. Akaigeuza kunde moja juani, akaitazama mpaka sauti ikamshuka.

"Mfuko wangu umebaki unga mtupu," alisema. "Nilikuwa naufungua kila Ijumaa, zipate hewa."

Sanatu aliuinamia mfuko. Akachota bakuli zima, akamwekea mikononi. "Hili la shambani kwako." Akachota la pili. "Hili la chunguni kwangu. Ingia ndani, mdaku wewe, ukae ule."