Simu ya Kupangusa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Bi Mize humbipu binti yake: simu ikilia mara moja anakata, maana yake nimeamka salama. Leo kidole kilikuwa bado juu ya batani Mwatumu alipoingia na boksi jeupe.

"Simu ya kupangusa, mama. Hii ndiyo iliyobadilisha simu zote duniani."

"Imebadilisha nini? Wanaopigiana si watu wale wale?"

"Haina batani. Halafu utaniona uso kabisa tukizungumza."

Bi Mize aliipokea, akaigeuzageuza kama samaki anayemtilia shaka. "Uso wako niuone kwenye kioo, na wewe unakaa mtaa wa pili?"

Mwatumu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mama nawe! Siku hizi watu wote wanazo."

"Watu wote hawaniletei zawadi alfajiri."

Mwatumu akawasha kamera. Nyuso zao mbili zikatokea, zimebanana. Hakugeuka kumtazama mama yake. Aliutazama uso wa mama ndani ya kioo, akauambia huo.

"Nahama, mama. Ninakwenda mbali, na sijui nitarudi lini."