Macho ya Mitsuba

Profesa Momose aliisukuma picha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Macho," akasema. "Kwa macho hayo, sigongi muhuri."

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Nozomi, mchoraji, alikwisha kumbadilishia msichana wa pichani nywele, sketi, hata viatu, ingawa kompyuta haina miguu. Mitsuba ilikuwa kompyuta ya chuo, mwaka 1969, kubwa kama jiko la hoteli. Watu thelathini waliitumia kwa pamoja, kila mmoja kwenye mashine yake ya kuchapia iliyounganishwa nayo. Ilimhudumia huyu kidogo, ikahamia kwa yule, upesi kiasi kwamba kila mtu alidhani ni yake peke yake. Nozomi alikuwa ameigeuza msichana wa katuni, macho kama visahani.

Wazee wote wa chama cha Mitsuba, waliowahi kuitumia, walikwisha kugonga mihuri yao ya idhini. Alibaki huyu. Wapiga chapa wa kitabu cha katuni cha Nozomi walikuwa wakifunga saa kumi na moja, na bila muhuri wa profesa meza yake kwenye maonyesho ya kiangazi ingebaki tupu. Miezi minane ya kazi, bure.

Sumie, mke wa profesa, akaweka sahani ya mapeasi. Naye aliwahi kufanya kazi chuoni hapo. Kazi gani, mumewe hakukumbuka vizuri. Baada ya miaka hamsini ya ndoa, alishazoea kuona sahani zikitua mezani zenyewe.

"Anamwangalia kila mtu," profesa akalalamika. "Mitsuba hakuwa hivyo."

"Lakini Profesa, si ndiyo kazi yake? Watu thelathini..."

"Binti, wewe ulikuwepo?"

Hakuwepo. Hata mama yake alikuwa hajazaliwa.

Profesa alingoja mkewe arudi jikoni. Kisha akafungua kasha la kamusi, lisilo na kamusi, akatoa kipande cha karatasi kilichogeuka manjano. Maneno yake yalikuwa yamechapwa kwa mashine: MOMOSE. UNAKOHOA TANGU JUMATATU. KUNYWA KITU CHA MOTO.

"Aliniandikia mimi," akanong'ona. "Mimi tu. Hawa wengine sijawahi kuwaambia, wasije wakaumia."

Nozomi akaisoma mara mbili. "Kompyuta ilisikiaje kikohozi?"

"Ndiyo shida yenu vijana, kuuliza maswali." Profesa wa hesabu, mwenye tuzo tatu ukutani, hakuwahi kujiuliza hilo. "Nilimjibu, 'Asante, nimekunywa.' Hakuandika tena. Miezi sita baadaye nikaoa. Mtu lazima aoe."

Sumie alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakuna aliyemsikia akija. Akaiweka chini, akavaa miwani, akaitazama picha, halafu ile karatasi. Profesa akaifunika kwa kiganja, amechelewa.

"Mke wangu, hayo ni mambo ya kitaalamu..."

Sumie akafungua droo, akatoa muhuri wa mumewe, akauchovya kwenye wino mwekundu na kuugonga kwenye fomu, palepale palipotakiwa.

"Macho yake yako sawasawa, mwanangu, usiyaguse," akamwambia Nozomi. Kisha akamgeukia mumewe. "Nilikuwa nawaandikia wote thelathini, kutoka chumba cha mtambo. Wewe ulikuwa wa pili kujibu. Wa kwanza alikuwa na mke."