Kibuyu cha Mgonjwa

Choo kilikuwa cheusi kama lami. Helena aliinamia lile beseni, akatazama tena, kisha akakaa chini.

Karatasi ya hospitali ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia. Hakuhitaji kuifungua, alishaikariri: mgonjwa akipata choo cheusi, arudishwe siku hiyohiyo.

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu Daktari Judica ampitishie mumewe Lukasi mpira wenye kamera mdomoni na kuibandua saratani kwenye njia ya chakula. Imewahiwa, alisema daktari, bado changa. Huko Hanang wagonjwa wa koo hupelekwa hospitali wakati hata maji hayapiti, kwa hiyo watu walimshukuru Mungu wakaenda zao. Lakini palipobanduliwa palibaki kidonda, na hicho ndicho kilichomnyima Helena usingizi. Kingeweza kutoboka. Kingeweza kutoa damu kimyakimya.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto, daktari aliagiza, na maziwa ndiyo bora. Hapo mama mkwe akashika usukani. Helena alizaliwa Gitting kwa wakulima, na kwenye boma hili alikwishaambiwa mara nyingi kwamba mambo ya ng'ombe hayajui. Kila asubuhi bibi huyo aliingia zizini na kibuyu chake cha zamani, kilichosuguliwa mkaa ndani hadi maziwa yakatoka na weusiweusi, akaja kumnywesha mwanawe kwa mkono wake.

"Wewe wapikie watoto," alimwambia Helena. "Huyu mwachie mama yake."

Helena hakubisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata shemeji yake Gidahosh, mvivu aliyethibitishwa, siku hizi aliamka alfajiri na upinde wake, eti anawinda kanga. Helena hakuwahi kuona hata unyoya.

Alirudi ndani akamkuta Lukasi ameelekea ukutani.

"Nimekiona," Lukasi alisema kabla hajaulizwa. "Hata jana kilikuwa hivyo."

"Jana? Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama Oliva? Tangu nitoke hospitali mdomo wangu hauna ladha. Maziwa, maji, dawa, vyote ni kimoja. Nilijua tu kuna kitu kimeharibika. Yule maksai mweusi msimuuze. Ngozi yake ndiyo mtakayonizikia."

Helena alitoka nje ili asilie mbele yake. Maksai mweusi alikuwa amesimama penye kivuli cha zizi, ameinamisha kichwa, nzi wamemjaa shingoni. Helena alimtazama akamchukia.

Walisafiri muda wa saa nne kurudi hospitali kwa gari la kukodi, bibi akiwa kiti cha nyuma na kibuyu chake mapajani. Kila gari liliporuka shimo, Helena alimshika Lukasi kifuani, akiogopa kidonda kitapasuka palepale.

Daktari Judica alimpima Lukasi, akaonekana kutatizika.

"Mapigo ni mazuri, presha nzuri. Lakini choo hakidanganyi. Damu ikishapita tumboni hutoka nyeusi hivi. Amekula nini?"

"Maziwa tu, daktari. Hajaweka kitu kingine mdomoni."

"Basi ni kidonda." Daktari alishusha sauti. "Dada, nikuambie ukweli. Nikirudisha mpira kwenye kidonda kibichi naweza kukitoboa, na kikitoboka itabidi tufungue kifua. Nikimwacha, anaweza kuishiwa damu. Lazima niingie sasa hivi."

Helena alitia saini karatasi ya ridhaa bila kuona alipoandika. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona Lukasi akilazwa ubavu, muuguzi akivaa glavu. Lukasi alimpungia vidole viwili.

"Kabla sijaanza," daktari alisema, "nataka damu ya akiba. Ndugu gani wanaweza kumtolea?"

Helena alikunja mkono wa gauni lake, kisha akamgeukia mama mkwe kwenye benchi. Bibi hakujua Kiswahili, hivyo akamtafsiria polepole kwa lugha ya nyumbani: mama, mwanao anapungukiwa damu, daktari anaomba ndugu wamtolee.

Bibi hakushtuka. Alimtazama mkwewe kwa huruma, akaanza kufungua kifuniko cha kibuyu.

"Mwambie asihangaike, mwanangu. Damu ya leo nimekuja nayo humu kwenye maziwa. Gidahosh amempiga yule maksai mshale wa shingo asubuhi saba sasa, na bado anayo ya kumtosha Lukasi."